Rais wa Kikundi cha Hesabu

Jumatatu, 2 Juni
Baba ametoa hukumu, tonge la bukari mdomoni. Nikianguka hesabu, nitarudia mwaka wa tano, darasa moja na mdogo wangu Princesse. Mtoto niliyemfundisha kufunga viatu! Mtihani ni Jumatatu ijayo. Sina wasiwasi. Mwalimu alisema wanaofaulu husoma kwa kikundi. Basi nimeanzisha kikundi, sebuleni kwetu, mtaa wa Hewa Bora: mimi, Guelor, Kiki na Syntiche.

Jumanne, 3 Juni
Kikundi bila rais ni vurugu. Tumepiga kura. Kila mmoja alijipigia mwenyewe, isipokuwa Syntiche, aliyesema ana zoezi la kumaliza. Kura zitarudiwa kesho.

Jumatano, 4 Juni
Nimeshinda! Guelor nimempa umakamu, Kiki protokoli ya kupokea wageni. Syntiche amekataa cheo chochote. Hana malengo maishani, maskini.

Alhamisi, 5 Juni
Tumeandika sheria za kikundi. Kifungu cha nne: hakuna kitabu kufunguliwa kabla ya hotuba ya rais. Hotuba yangu ilichukua saa moja na nusu. Katikati, Syntiche aliuliza bila kunyoosha mkono:
“Président, kitabu tutafungula siku gani?”
Nikamwonya kwa maandishi. Aligeuza karatasi ya onyo, akafanyia mahesabu nyuma yake.

Jumamosi, 7 Juni
Usaliti! Guelor ameunda kikundi chake kwao, na Kiki kamfuata. Ati huko wana viti vya wageni. Nimeshinda mchana kutwa nikiandika barua ya kulaani. Kurasa sita, nakala kwa prefe, mkuu wa shule.

Jumatatu, 9 Juni
Mtihani. Nimejibu mawili bila kusita: jina na tarehe.

Jumatano, 2 Julai
Matokeo yamesomwa uwanjani mbele ya wazazi, kwenye baridi. Syntiche, asilimia themanini na nne. Mimi, thelathini na moja. Guelor, thelathini! Nilipiga makofi peke yangu. Baba aliondoka bila kunitazama, na hapo roho iliniuma kweli. Nyumbani Princesse alikuja taratibu, wala hakunicheka. Bado aliniita yaya, mkubwa wake:
“Yaya Merdi, nitakuchungia place pembeni yangu.”
Nililia chooni, maji ya ndoo yakimwagika ili wasinisikie.
Lakini nimetafakari, na kosa nimeliona. Barua zote zile, na kikundi hakikuwa na mhuri! Nani angetuheshimu? Kesho asubuhi naenda sokoni, mtaa wa Kenya hapa mjini, kuchongesha mmoja. Wa duara, wino wa buluu.