Miguu Yangu na Piano ya Baba Chileshe

Jumatatu, 7 Juni 1954
Habari nzito! Baba Chileshe anarudi kwao Ndola mwisho wa mwezi. Yaani kiti chake cha piano kitabaki wazi, pale ukumbini mwa mtaa wetu wa cité Albert, ambapo kila Jumapili alasiri okestra inapiga jazz na watu wanacheza hadi vumbi linapanda. Amesema atamweka mmoja wa wanafunzi wake wawili: mimi au Gérard. Gérard! Yule Mkasai wa miwani, mpiga chapa wa ofisi ya reli, aliyegusa piano mara ya kwanza Januari! Mimi nina miaka minane kwenye kinanda cha parokia. Miaka minane nawapigia watu waliopiga magoti. Nataka, kabla sijazeeka, nione watu wakiinuka kwa ajili yangu. Tarehe 20 tutapiga mbele ya ukumbi mzima, na mzee ataamua.

Jumatano, 9 Juni
Somo langu (la Gérard ni kesho). Aibu tupu. Sijamaliza hata mstari wa kwanza, Baba Chileshe akanisimamisha: “Weye Adalbert, iko unapika piano ao iko unapanda vélo?” Ati napiga piano au naendesha baiskeli, maana miguu yangu haitulii. Itatuliaje? Kinanda cha parokia kinataka hewa. Usipokanyaga, kinanyamaza, na padri anageuka altareni kukutazama. Mzee akanieleza kwamba piano haihitaji hewa, kwamba kile cha kukanyaga kinazuia sauti zisife, na ukikikanyaga ovyo zote zinavurugana. Akaniamuru niikunje miguu chini ya kiti, kama mtoto wa katekisimu.
Nimewaza njia nzima. Akufukuzaye hakwambii toka. Nguvu zangu zote ziko miguuni, na mzee anajua. Anataka kumpa kiti Gérard, lakini hana ujasiri wa kunieleza.

Ijumaa, 11 Juni
Nimepata dawa! Kila shauri baya ninalopewa, namkabidhi Gérard. Leo baada ya kazi nilimngoja mlangoni pa ofisi yake, nikamwita ndugu yangu, nikamnong'oneza kana kwamba ni siri ya ukoo: miguu itulie kabisa. Akakiri kwamba hupenda kukanyaga kwa sababu sauti inakuwa kubwa. Akavua miwani, akaifuta, akanishukuru mara tatu. Karibu nimwonee huruma.

Jumatano, 16 Juni
Somo la mwisho, mitego miwili mipya. Wa kwanza: hadi Jumapili nipige mkono wa kushoto peke yake, utembee sawasawa kama mfanyakazi anayewahi king'ora cha mgodi. Wa pili: nisijaze kila nafasi, niwaachie wachezaji pumzi. Mtu mwenye vidole kumi apigie vitano, tena anyamaze katikati! Niliitika “ndiyo, Baba” kwa unyenyekevu mkubwa, nikapeleka mashauri yote mawili kwa Gérard kabla hayajapoa.
Mke wangu Adolphine amenichosha. Alipita ukumbini, akamsikia Gérard akijizoeza. Anauliza, kama mashauri ni mabaya, mbona Gérard “iko anapika muzuri kupita mbele”, yaani anapiga vizuri kuliko zamani? Akaongeza kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Ni kweli kabisa. Gérard anachimba, na mimi ndiye ninayempa jembe.

Jumapili, 20 Juni
Sijui nianzie wapi.
Gérard alitangulia. Miguu imetulia, mkono wa kushoto unatembea, na kila baada ya muda kimya kidogo, halafu vidole viwili vitatu tu. Watu walijaa katikati ya ukumbi wakicheza. Mpaka mlinzi wa mlango alicheza. Nikasema moyoni, bahati ya siku moja hiyo.
Kisha mimi. Nilikanyaga ambavyo sijawahi kukanyaga, hata Pasaka. Mikono miwili, vidole kumi, sikuacha upenyo wa sindano. Ukumbi ukawa unavuma tu. Mama mmoja akauliza kama chombo kimeharibika. Na watu waliinuka, kweli waliinuka! Wakatoka nje kupunga upepo, mwezi wa sita, kwenye baridi hii.
Kiti kikaenda kwa Gérard. Akasimama mbele ya wote akanionyesha kwa kidole: “Ni yaya Adalbert alinifundisha yote!” Ananiita yaya, kaka mkubwa! Wakanipigia makofi, aibu juu ya aibu. Baba Chileshe akanisogelea. Akasema maneno yote aliyoyasikia mikononi mwa Gérard ni yake mwenyewe, aliyonipa mimi. “Iko unabeba mayi, na unakufa na kiu.”
Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikalia. Naandika hapa kwa sababu Adolphine hasomi daftari hili. Niliumia sana.

Jumatano, 30 Juni
Nimemsindikiza Baba Chileshe stesheni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kiti hakijafungwa: amemwomba mkuu wa okestra anisikilize tena Septemba, na nikipiga vizuri, ni changu. Akanipa shauri la mwisho, langu peke yangu, ambalo hakumpa hata Gérard. Kabla sijaweka kidole, nimsikilize mpiga ngoma, nimsikilize wa besi, halafu niingie wa mwisho, polepole. Ndiyo jazz yote, alisema, mengine ni mapambo. Macho yake yalikuwa na machozi.
Niingie wa mwisho! Niwangoje wengine! Mzee huyu hachoki, hata mguu mmoja ukiwa ndani ya treni bado ananitegea.
Sikungoja treni iondoke. Nilikwenda mbio hadi ofisi ya Gérard, nikampa shauri lote, neno kwa neno. Aliliandika, akalisoma tena kwa sauti ili asisahau hata kidogo, masikini. Kufika Septemba atakuwa amekwisha.