Jemedari Apanda Cheo

Katika kazi yangu ya ufundi bomba nimekutana na watu wengi walioshindwa. Lakini mtu aliyeshindwa kwa bidii, kwa mipango, kifua mbele, nimemwona mmoja tu. Jemedari!

Jina hilo alijipa mwenyewe. Kazini kwake, kwenye stoo ya matairi, walimwita "wewe". Ila kila Jumamosi mchana, katika duka la ushonaji la shangazi wa mkewe, aligeuka Jemedari Mpasua Milima, mwenye upanga mrefu kuliko mlango tulioingilia.

Tulikuwa tukicheza mchezo wa mezani. Si karata, si drafti. Kila mchezaji ana mhusika wake, na Shangazi ndiye msimulizi. Anakwambia uko pangoni, mbele yako kuna jitu lenye njaa, unafanyaje? Unasema, unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua kama umeweza au umeumbuka. Pango letu lilichorwa kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia vitambaa. Sisi wenyewe tulikuwa vifungo. Mimi, tabibu wa kikosi, nilikuwa kifungo cheupe cha shati. Mke wa Jemedari, mpiga mishale, alikuwa cha bluu. Jemedari alichagua kifungo cha dhahabu cha koti la bwana harusi, kikubwa kama kizibo cha soda.

"Kiongozi lazima aonekane," alisema.

Aonekane wapi! Sote tulikuwa ngazi ya kwanza, tukikusanya pointi za kupanda ngazi polepole kama watu wanaookota mchele uliomwagika. Na huenda angeridhika tu, kama si Baba Mkwe.

Baba Mkwe alikuwa dereva wa lori mstaafu, mzee wa viatu vinavyong'aa na maneno machache. Alikuja kumwona binti yake, akasikia kwamba kule stoo, kijana aliyefundishwa kazi na Jemedari ndiye aliyepewa usimamizi. Akaweka kikombe chini.

"Na wewe, mwanangu, wanakupandisha lini?"

Hakusema kwa ubaya, ila swali hilo lilimchoma. Jemedari alibaki kutafuna biskuti iliyokwisha zamani.

Jumamosi iliyofuata alitua dukani na kitabu cha sheria kwapani.

"Shangazi, hapa pameandikwa mhusika hujifunza kutokana na makosa. Kila akishindwa jambo, apewe pointi. Ni kweli?"

"Kweli."

"Jambo lolote?"

"Lolote. Umesoma sheria yote?"

"Nimesoma panaponihusu!"

Basi siku ile, jitu lilipotutokea, mimi na mkewe tukajipanga kupigana. Jemedari akamfuata punda wa mizigo.

"Namwomba punda anifundishe kuimba!"

Dadu ikarushwa. "Punda amekugeuzia mgongo," alisema Shangazi, "kisha akakupa kwato la pua. Umeshindwa. Pointi."

"Naubembeleza ukuta ulie!"

"Ukuta umenyamaza. Pointi."

"Nalimeza jiwe hili!"

"Limekataa shingoni. Pointi. Tabibu, mpige mgongoni."

Na mimi ndiye tabibu! Dawa za kikosi kizima ziliishia kwenye pua, koo na makalio ya mtu mmoja. Wakati huo mkewe anapambana na jitu peke yake, mshale huku, mshale kule, anapumua kama cherehani bovu. Jitu likaanguka. Nani aliyepanda ngazi? Jemedari!

Akawa hodari wa kutoweza. Kuna siku alitangaza kwamba anaupiga mlango wa chuma kwa kichwa. Kwa bahati mbaya dadu ikampenda, mlango ukafunguka, na nyuma yake tukaona hazina inayometameta. Sisi tukashangilia. Yeye akashika kichwa.

"Nimeonewa! Huo mlango umejifungua wenyewe! Shangazi, nirushe tena!"

Sijawahi kuona shujaa akilia kwa kushinda.

Alipofika ngazi ya tisa, sisi bado tukihangaika na ya pili, majivuno yalimvimba hata kola ikambana. Akamtangazia mkewe jikoni, "Mama, mumeo sasa ana ngazi tisa!"

"Niletee moja," mkewe akamjibu bila kugeuka, "balbu ya hapa imeungua."

Kazini ndiko alikoharibu zaidi. Alipanga matairi ya trekta juu ya matairi ya baiskeli, yote yakaporomoka, yakabingirika hadi barabarani. Msimamizi, yule kijana wake, akaja mbio.

"Kaka, nini hiki?"

"Nimekosea," Jemedari akasema kwa fahari. "Na anayekosea ndiye anayepanda. Wewe umekosea nini mwaka huu?"

"Nimekosea kukuachia funguo. Sasa panda juu ya ile pikipiki ukayafukuze matairi!"

Lakini hayo hayakumtikisa. Ilibaki pointi ya mwisho afike ngazi ya kumi, ya juu kabisa, na siku ya kuichukua alimwalika Baba Mkwe ashuhudie. Alivaa suti. Mzee aliketishwa kwenye kiti cha wateja, jirani na sanamu iliyovaa shela, na kwa mbali ungedhani amekuja kuoa.

Siku hiyo tulipambana na joka. Joka lilikuwa kimto cha pini cha Shangazi, pini zimesimama mgongoni, na lilitisha kuliko ninavyoweza kueleza. Dawa sikuwa nazo tena. Mpiga mishale alikuwa amebakiwa na mshale mmoja.

"Mume wangu," alinong'ona, "leo tusaidie kweli. Tutakufa hapa."

Jemedari akamtazama Baba Mkwe, akarekebisha tai.

"Nalitekenya joka!"

Dadu ikabingirika, ikagonga mkasi, ikasimama.

"Umeshindwa," akasema Shangazi. "Pointi."

"Kumi! Ngazi ya kumi!" Jemedari aliruka juu ya stuli, mikono hewani, pangaboi ikamkosa kidogo tu. "Baba, umeona? Juu yangu hakuna mtu!"

Mzee akainamisha kichwa kwa heshima. Shangazi akavaa miwani, akafunua kitabu, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea vipimo vya wateja.

"Afikaye ngazi ya kumi amejifunza yote. Anaweka silaha chini, anapewa nyumba yenye bustani, wala haendi vitani tena."

Akakiinua kile kifungo cha dhahabu kwa vidole viwili, akakitoa pangoni, akakiweka dirishani.

"Maana yake nini?" Jemedari aliuliza, bado yuko juu ya stuli.

"Umestaafu."

"Lakini joka liko hapa!"

"Haliwahusu wastaafu."

"Na bustani ina nini?" nikauliza mimi, maana dawa zangu zilizoishia puani mwake sikuwa nimezisahau.

"Mbilingani," alisema Shangazi.

Jemedari alishuka taratibu. Suti ilionekana imempwaya ghafla. Mkewe akarusha mshale wake wa mwisho, dadu ikamkubali, na joka likapinduliwa chali, pini zikatawanyika meza nzima. Hapo tulipiga kelele hata mteja aliyekuja kufuata sketi akarudi nje.

Baba Mkwe akasogeza kiti, akamshika mkwewe begani.

"Pole, mwanangu. Mwezi wa kwanza wa kustaafu ndio mbaya. Mimi nilikuwa naosha gari la jirani." Kisha akamgeukia Shangazi, macho yanawaka kama taa za lori. "Hivi, mtu wa umri wangu anaweza kuingia humu?"

Akapewa kifungo cha kahawia, na mhusika wake akawa dereva wa mkokoteni. Jemedari naye akaomba kuanza upya. Kikosi kilikuwa na nafasi moja tu, ya mpagazi, ngazi ya kwanza, na kifungo kilichobaki kilikuwa cha chupi.

Mzee alikohoa, akashika hatamu hewani.

"Haya, kijana. Panda."

Uso wa Jemedari ukang'aa. "Kumbe napanda tena, Baba? Ngazi ya ngapi?"

"Mkokoteni. Panda nyuma huko, ukae na mizigo."