Habari za Jiko, Aliyeipata Njano Kwapani

Tulieni, enyi mliokalia viti na ninyi mliokalia ndoo zilizopinduliwa. Zimeni simu, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Sisimulii habari za wafalme, maana wafalme wana watu wao wa kuwasifu, na wanalipwa vizuri. Nasimulia habari za Jiko, binti wa mwaka wa tatu wa kemia, mshika pipeti, mtikisa chupa, aliyeingia vitani na ndoo ya barafu akatoka na rangi ya njano isiyojaa kijiko. Wala asitokee wa kuniambia nimetia chumvi. Chumvi iliyomo humu ni ile ile ya maabara.

Jina hilo la Jiko hakupewa na wazazi. Walimpa wenzake, kwa kuwa miaka miwili ya mwanzo hapakuwa na jambo asilolitatua kwa moto. Unga ukigoma kuyeyuka, aliuchemsha. Mchanganyiko ukijivuta, aliuchemsha. Moto ukamtii, alama zikammiminikia, naye akaamini kwamba duniani hakuna ukaidi usiosalimu amri mbele ya kichomeo cha gesi.

Ikaja siku ambapo wanakemia hugawana njia, huyu akaenda kwenye rangi na plastiki, yule kwenye mafuta na madini. Jiko akachagua baiokemia, na sababu yake ilikuwa tumbo la baba yake. Mzee huyo alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, aliyeheshimika mtaa mzima. Aliyapenda maziwa, nayo maziwa hayakumpenda. Akinywa kikombe kimoja tu, tumbo lilinguruma hata mteja aliyekuwa akipimwa kiuno aligeuka kutazama mlangoni nani anakuja. Jiko aliiona aibu ile tangu utotoni, ikamuuma. Basi siku aliposikia darasani kwamba iko protini ambayo kazi yake ni kuikata sukari ya maziwa vipande viwili, kwamba protini za kazi kama hiyo huitwa vimeng'enya, na kwamba watu wazima wengi miili yao huacha kuitengeneza protini hiyo, alihisi mhadhiri anamsema baba yake kwa jina.

Lakini nchi ile ya baiokemia ilikuwa na sheria. Kila aliyetaka kubaki baiokemia sharti akitoe kimeng'enya hicho ndani ya bakteria waliofugwa chupani, kisha athibitishe kuwa ki hai: akitie kwenye maji maalumu yasiyo na rangi, na maji yageuke njano. Jiko alijaribu mara ya kwanza, akaona maji yanasitasita, akayaweka motoni. Mara ya pili aliapa hatarudia, akarudia. Na protini, enyi wasikilizaji, haina moyo wa chumvi ya mawe. Ukiipika inaganda kama ute wa yai, na kazi yake inakwisha palepale.

"Mwanangu, umenipikia mayai mara mbili," akanena Dokta, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, mkuu wa maabara ile. "Mara ya tatu sili. Ijumaa nikitoka kikaoni, ukinionyesha maji meupe, unarudi kwa wenzako wa rangi na plastiki. Kiti chako kina watu wanakililia."

Ikapambazuka Ijumaa. Jiko akawapasua bakteria, akawatia kwenye mashine ya kuzungushia, mabaki yakatuama chini, akayanyonya juu yake maji safi yenye kile kimeng'enya. Na hapo, kwa kuwa ushujaa usiopata mkosi hauna msimulizi, umeme ukakatika.

Mashine ya barafu ikanyamaza. Bafu la maji ya uvuguvugu, ambamo neli zote, vile vichupa vyembamba vya majaribio, hukamilishia kazi, likaanza kupoa. Jenereta likakohoa mara moja, likakata kauli. Na kimeng'enya kisipopata baridi ya kukitunza hufifia kidogo kidogo, hakipigi kelele, hakiagi.

Jiko akatwaa ndoo, akashuka ngazi kuelekea kantini. Huko, mbele ya friza, alisimama Mama Kantini, mwenye ngome, mikono kiunoni.

"Hii barafu ni ya juisi," akasema. "Umeme hakuna, joto lote hili, watu wanakuja na kiu zao, halafu nikupe wewe ukapoze wadudu?"

"Mama, wadudu wenyewe nimeshawaua. Napoza kilichotoka ndani yao."

"Ndiyo unazidi kuharibu."

Jiko akaweka ndoo chini, akavuta pumzi, akahutubia. "Mama yangu, nisikilize kidogo. Baba yangu hajawahi kumaliza kikombe cha maziwa akabaki na heshima yake. Tumbo linamchongea mbele ya wateja. Hiki nilichokiacha juu, ndicho alichonyimwa tumboni. Kikiharibika leo, mimi nafukuzwa kule, na sijui nani mwingine atamfikiria yule mzee."

Mikono ya Mama Kantini ikashuka kiunoni.

"Kumbe na baba yako?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mume wangu hivyo hivyo. Juzi tumekaa kwa wakwe, kimya, mahari inazungumzwa, tumbo likajibu kabla yake. Lete ndoo."

Jiko akapanda ngazi mbio, barafu ikilia ndooni, akakizika kimeng'enya katika ubaridi ule. Kisha akakichanganya na yale maji maalumu, akangoja. Maji yakabaki meupe. Akangoja tena. Meupe. Baridi iliyokilinda kimeng'enya ndiyo iliyokuwa ikikilaza usingizi, na bafu la uvuguvugu lilikuwa limekuwa beseni la maji ya kawaida.

Sasa sikieni vita vyenyewe. Gesi haina habari na umeme. Kichomeo kilikuwa palepale mezani, na mkono wa kulia wa Jiko, askari mtiifu wa miaka miwili, ukakinyooshea kidole bila kuamriwa.

"We mkono!" Jiko akaukemea kwa sauti. "Umenipeleka pabaya mara mbili, ya tatu sikufuati."

Akaukalia. Ndiyo, aliukalia huo mkono juu ya kigoda, akili ikizunguka. Alikitaka kimeng'enya hiki kifanye kazi wapi? Tumboni mwa baba. Na tumbo la baba lina kichomeo? Halina. Lina joto la mtu tu.

Akaziba neli kwa kizibo, akaitia kwapani, akabana.

Dokta alipoingia kutoka kikaoni alimkuta amesimama wima, viwiko vimebana mbavuni, mfano wa kuku aliyenyeshewa.

"Umepatwa na nini?"

"Niko kwenye nyuzi thelathini na saba, Dokta."

"Kitabu cha maabara hakitaji kwapa."

"Hakitaji na umeme kukatika, Dokta."

Miwani ya kichwani ikashuka ikaungana na ya machoni. "Haya, tuseme imegeuka njano. Nitajuaje si joto lako tu lililoigeuza? Neli ya kulinganishia, isiyo na kimeng'enya, iko wapi?"

Jiko aliinua mkono wa kushoto taratibu, na kwapa la pili likatoa neli ya pili.

Zikawekwa sambamba dirishani. Ya kushoto ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa. Ya kulia ilikuwa na manjano hafifu, hata ukipepesa macho unaikosa. Jiko akadondosha maji ya magadi katika zote mbili, kama sheria inavyotaka ili kuisimamisha kazi na kuikoleza rangi. Ya kushoto haikujibu. Ya kulia ikawaka njano, njano ya kweli, isiyohitaji shahidi.

Dokta akatabasamu, jambo ambalo wazee wa maabara ile hawalikumbuki.

"Kaa kwenye kiti chako," akasema. "Na ukaoge."

Jiko akatoka koridoni, machozi yakimlenga, akampigia simu baba yake.

"Baba, nimekipata! Kile cha kukata maziwa. Kiko hai, na mimi nimebaki!"

"Nilijua, mama," mzee akajibu, sauti imejaa furaha. "Nimepasha maziwa tangu asubuhi yakungoje. Nimeshakunywa vikombe viwili."

"Baba! Kiko kwenye neli, hakijafika tumboni mwako!"

"Najua. Lakini siku kama ya leo ningekunywa nini, maji?"

Kabla Jiko hajajibu, ukasikika simuni mngurumo mkubwa, mrefu, ukifuatiwa na mwingine, na mwingine tena. Wafalme hupigiwa mizinga ishirini na mmoja. Jiko alisimama wima koridoni, simu sikioni, akaihesabu yake yote.