Saa Mbili Mpaka Ushuaia

Kwa furaha kubwa, Idara ya Umbali wa Anga iliwatangazia wananchi kwamba kuanzia Jumatatu safari ya ndege kutoka Buenos Aires hadi Ushuaia itachukua saa mbili. Zamani ilichukua tatu na nusu. Serikali nyingine zingehangaika kununua ndege za kasi. Mkurugenzi wa Idara, Eleuterio Bonfanti, alitumia kalamu: akatia sahihi agizo.

Kwa kazi hiyo njema akateuliwa kuwa waziri. Angeapishwa Ushuaia, ofisini kwa gavana, Ijumaa, saa sita kamili mchana. Sheria ilikuwa wazi: mteule akiitwa asiitike, kiti kinakwenda kwa naibu wake, Graciana Petrocelli, aliyekuwa akikinyemelea kama paka na kitoweo.

"Panda ndege ya Alhamisi, baba watoto," mkewe alimwambia. "Usijitie kitanzi."

"Nitilie shaka agizo langu mwenyewe? Watu watanionaje?"

Basi akapanda ya Ijumaa, saa nne asubuhi.

Ilipogonga saa sita, chini kukiwa na nyika tupu ya Patagonia, rubani alitangaza kwa sauti ya mtu aliyeshikiwa fimbo: "Mabibi na mabwana, tumefika Ushuaia." Wahudumu wakakusanya vikombe, maana abiria aliyekwisha kufika hanywi kahawa ya safarini.

Ndege ikitua salama, watu hupiga makofi. Hilo halina mjadala. Safari hii kimya. Bonfanti akasimama.

"Ndugu zangu, tumetua. Mbona mmekunja mikono?"

Bibi mmoja, Zulema, aliyekuwa akifyonza chai ya kibuyu kwa mrija, akamtazama juu mpaka chini.

"Makofi ni ya magurudumu, mwanangu. Yakigusa ardhi nitapiga mpaka viganja viwake moto."

"Bibi, kisheria yameshagusa."

"Haya, tangulia kushuka wewe, utushikie mlango."

Ndege nzima ikaangua kicheko. Bonfanti akaketi na kujifariji: kama amekwisha kufika, basi huko chini hakijaharibika kitu. Wasiwasi ni wa watu wasio na cheo.

Saa saba na nusu magurudumu yakagusa kweli. Mkurugenzi alikimbia mpaka ofisi ya gavana, tai begani, jasho likimtiririka penye baridi ile. Mlangoni alisimama katibu wa gavana, akitafuna keki ya sherehe.

"Nimekuja kuapishwa."

"Umechelewa, mheshimiwa. Tumekuita mara tatu, tukakauka koo."

"Nilikuwa angani!"

"Angani wapi? Ndege yako ilifika saa sita. Idara yako ndiyo iliyotutangazia."

"Lakini kila mtu anajua ni saa tatu na nusu!"

Katibu akaacha kutafuna. "Punguza sauti. Hayo ni maneno ya wapinzani. Waziri akisikia utaniponza."

"Waziri gani?"

Mlango ukafunguka, akatoka Graciana Petrocelli, nishani kifuani.

"Kaka Bonfanti! Umeshuka saa sita, sasa hivi ndiyo unaonekana. Saa nzima na nusu ya kazi ulikuwa wapi?"

Bonfanti akapiga hesabu. Ama alitoroka kazini, ama agizo la serikali ni uongo, na aliyelitia sahihi ni yeye.

"Nilikuwa nazurura, Mheshimiwa Waziri," akasema.

Akafukuzwa kazi palepale. Agizo likabaki safi, bila doa.