Fremu ya Mtu Mstaarabu

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Siku njema kupita zote tangu nihamie Kariakoo. Bi Sabaha, mwenye nyumba wetu, ametuita wapangaji wote uani baada ya chai. Katangaza kwamba chumba cha mbele kinavunjwa ukuta wiki hii na kuwa fremu ya duka, kama wanavyofanya mtaa mzima. Siku hizi hakuna nyumba tena, kuna maduka yenye watu wanaolala nyuma yake. Severa, mama lishe wa chumba cha pili, akauliza fremu atapewa nani. Bi Sabaha akasema hatompa mtu wa nje, na hataangalia mfuko wa mtu. Atampa mpangaji wake aliye mstaarabu kuliko wote. Jibu Jumamosi.

Nilijizuia kucheka. Mstaarabu! Si mimi huyo?

Nieleze, shajara hii isije ikaokotwa na mtu asiyenijua. Mimi ni Shaibu, dalali. Cherehani, vyumba, matofali, mbuzi wa Idi, chochote. Nina miaka thelathini na minane na ofisi yangu ni nguzo ya umeme kwenye kona ya Msimbazi. Mvua ikinyesha, ofisi inalowa. Mgambo wakija, ofisi inabaki, mimi nakimbia. Nimechoka kukimbia. Nataka mlango wangu, kufuli langu na stuli ya kumkaribishia mteja. Basi.

Wateja wa cherehani huwa nawapeleka Mchafukoge, dukani kwa Champaklal. Mzee akienda nyumbani kula na kujinyoosha, mwanawe Manan huwasha kompyuta iliyonunuliwa kwa hesabu za duka na kucheza mchezo. Unaanza na familia moja na mkokoteni katikati ya pori. Unajenga mji. Unalima, unatoza kodi, unavumbua gurudumu, unapigana na majirani, na ukijaliwa unarusha roketi. Nilimwuliza Manan mchezo unaitwaje. Akasema ukiutia kwenye Kiswahili ni Ustaarabu. Sikumwamini hivi hivi, nikatazama kwenye kamusi ya dada yake Jinal. Kweli tupu.

Tangu Julai mchana wangu wote umeishia kwenye ustaarabu. Nimejenga miji mitano. Awadhi wa chumba cha tatu, muuza mitumba, naye anaitaka fremu, nimemwona anavyoipima kwa macho. Yeye amejenga nini? Hata banda la kuku hana.

Jioni nimepita uani nikiwaza ghala la nafaka. Bi Sabaha akaitikia marahaba. Sikuwa nimesema neno. Masikio ya utu uzima hayo.

Jumanne, 5 Agosti

Somo la kwanza la mchezo: mji ni maji. Mwenye maji ndiye mwenye mji.

Bomba letu la uani hutoa maji linapojisikia. Yakitoka ni vurugu tupu. Ndoo, madumu, mabeseni, watoto miguuni, na Severa amesimama mbele kwa sababu ana mafundi wa kuwapikia. Kwenye mchezo vurugu kama hiyo huleta nyuso nyekundu, na mji mzima unagoma kufanya kazi. Nikanunua mnyororo na kufuli, nikaifunga koki, nikabandika ratiba ya kuchota, chumba kwa chumba. Ufunguo kwangu, waziri wa maji.

Severa akataka kujua nani kanichagua. Nikamweleza kwamba ngazi hii ya historia haina uchaguzi, uchaguzi unakuja mbele kidogo, baada ya kuvumbua maandishi. Akaniangalia kama anavyoangalia wali ulioungua. Awadhi alikuwa anambebea Bi Sabaha kapu la sokoni. Unafiki mtupu.

Nikaenda Mchafukoge na moyo mweupe. Mchana mzuri ajabu. Nimeteka kisiwa kizima chenye viungo.

Nimerudi magharibi. Uani kimya. Kumbe maji yalitoka mara tu nilipoondoka. Wanasema yalitoka kwa nguvu ya miaka ile, koki ikawa inalia ndani ya mnyororo na watu wamesimama na ndoo wakiisikiliza. Ufunguo ulikuwa kisiwani pamoja nami. Bi Sabaha ametawadhia alasiri maji ya kunywa ya mtungini. Severa hakupika, mafundi wamelala na chai. Awadhi amezunguka na madumu mtaa wa pili, akawaletea watu wote, chumba kwa chumba.

Nimegundua jambo: alifuata ratiba yangu. Kwa hiyo ratiba haikuwa mbaya.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi kaja Mzee Fikirini, balozi wetu wa nyumba kumi. Nilifurahi. Manan husema ukikorofishana na majirani, haraka fungua ubalozi, mbadilishane maarifa. Nikamkaribisha kitandani, kiti sina, nikamwambia niko tayari kwa mkataba wa amani. Nitampa elimu ya mifereji, naye anipe uungaji mkono kwenye suala la fremu. Mzee Fikirini akasema amekuja kuchukua ufunguo. Nikampa. Akachukua na mnyororo, unamfaa kwenye baiskeli. Kwenye mchezo mabalozi hawana tabia hiyo.

Si kitu. Dukani leo Manan kaigeuza nchi yake kutoka ufalme kwenda jamhuri, na biashara yake ikafura kama andazi. Papo hapo nikaona kosa langu. Nilibana mno! Dunia nzima inafungua na mimi nafunga koki. Zama za kupanga foleni ya sukari zimekwisha, sasa ni ruksa na soko huria, kila mtu ajitafutie.

Nikarudi mbio na kufuta zamu ya kusafisha choo. Hoja yangu ni nyepesi. Zamu ni amri, na amri huua bidii. Ukiondoa amri, yule anayehitaji choo kisafi zaidi ya wengine atakisafisha kwa hiari yake, na wengine tutanufaika bila kusukumana. Nikabandua karatasi ya zamu mlangoni mwa choo na kuwaeleza. Severa akauliza leo ilikuwa zamu ya nani. Kwa bahati tu, ilikuwa yangu.

Bi Sabaha alikuwa kwenye mkeka wake anachambua mchele. Nilipopita akasema marahaba, baba. Safari hii kwa sauti zaidi. Nahisi na yeye mwenyewe hajisikii.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuna aliyesafisha. Soko linasubiri.

Nimemwuliza Manan, akasema ndivyo ilivyo. Ukibadili serikali, kwanza nchi inapita kwenye fujo, halafu mambo yanakaa sawa. Nimewapelekea wapangaji habari hizi njema. Nimewakuta wamehamisha jamvi la chakula upande wa barazani, kwa ajili ya upepo.

Mimi nimekwenda msalani msikitini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, maduka yamefungwa, ustaarabu umelala. Lakini uani historia imetendeka.

Nimeamka nasikia ufagio. Nikachungulia. Bi Sabaha, khanga imefungwa kiunoni, ndoo mkononi, anaingia chooni mwenyewe. Sikupenda. Nasema kweli, nilipoiona ile migongo ya miguu yake mikavu ndani ya kandambili nilisikia vibaya, nikawa natafuta viatu vyangu nitoke. Nilikuwa bado nakitafuta kiatu cha pili Awadhi alipotokea, akampokea ndoo na ufagio, akamrudisha kwenye mkeka. Kasugua mpaka sakafu ikarudi rangi niliyokuwa nimeisahau.

Nikarudi kukaa kitandani na kutafakari. Hakuamriwa. Hakulipwa. Soko limempata mtu wake! Nadharia imeshinda na ushahidi unanukia dawa.

Nikatoka kwenda Gerezani kwa mchora vibao aitwaye Eliasi. Somo kubwa kuliko yote: mji unaotaka kuheshimiwa hujenga Ajabu. Mnara, bustani inayoning'inia, kitu ambacho wageni wakikiona wananyamaza. Nikabadilishana naye saa yangu ya mkononi kwa kibao cha mbao, kirefu kunizidi, herufi za buluu kwenye rangi nyeupe: USTAARABU. Chini yake, ndogo kidogo: Shaibu na Wanawe. Sina wana. Eliasi alisema kibao kisicho na mstari wa pili kinaonekana uchi.

Nikakileta kwa mkokoteni na kukiegemeza uani. Kimeziba jiko la Severa kidogo, moshi ukakosa pa kutokea ukaingia vyumbani. Bi Sabaha akaja anakohoa, akauliza hiki nini. Nikamwambia ni Ajabu. Akakubali.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya jibu.

Tumekusanyika uani. Kabla Bi Sabaha hajasema, niliomba nafasi. Nikatoa hotuba. Nikawakumbusha kwamba fremu inataka mstaarabu, na kwamba kwenye nyumba hii ni mmoja tu aliyeanza na mkokoteni porini akafikisha watu wake kwenye zama za garimoshi. Nikakitaja kisiwa cha viungo. Nikaeleza nyuso nyekundu. Nikakionyesha kibao. Mtoto mmoja akapiga makofi, mama yake akamshika mikono.

Bi Sabaha alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru. Halafu akasema huo ustaarabu wa kwenye mashine yeye haujui, huenda ni mzuri. Aujuao yeye ni wa hapa uani. Mtu akipita amsalimie mwenzake. Maji yakitoka wote wapate. Choo akikute kisafi, akiache kisafi. Akasema ananipenda kama mwanawe na wala hana kinyongo, ila siku hizi napita mbele yake kama napita mbele ya nguzo. Fremu ni ya Awadhi.

Awadhi akainamisha kichwa kama aliyefiwa. Kampa Severa upande mmoja wa baraza apikie hapo. Halafu akanifuata mlangoni kwangu na kusema ataweka stuli kando ya mlango wa duka, niwe nakaa nikisubiri wateja wangu, nisilowe tena.

Niliumia. Nilitaka mlango ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu hapa Bongo. Nimeingia ndani, nimejifunika shuka mpaka kichwani, na nimelia kidogo, si sana.

Baadaye akili imerudi. Stuli! Kwenye mchezo mfalme dhaifu humpelekea jirani mwenye nguvu zawadi, ili asishambuliwe. Awadhi ananiogopa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka saa nne kwa kelele za msumeno. Mlango wa choo ulikuwa umeoza tangu mvua za masika, na Bi Sabaha alimwambia fundi atumie mbao zilizopo. Mbao iliyopo ilikuwa Ajabu yangu. Waligonga kwangu kuniomba, sikusikia kwa sababu ya shuka, na kutosikia wakakuhesabu kuwa ndiyo. Fundi ameikata katikati. Kipande cha Shaibu na Wanawe kimefunika pipa la maji. USTAARABU umekaa mlangoni mwa choo, herufi za buluu, zinasomeka kutoka pembe zote za ua. Kazi nzuri ya Eliasi, hilo nisiseme uongo.

Kufika mchana uani lugha imebadilika. Mpangaji wa chumba cha mwisho anaomba apishwe, anawahi Ustaarabu. Severa karudi kanisani akauliza Ustaarabu kuna mtu? Mtoto yule aliyenipigia makofi kapiga kelele kwamba Ustaarabu umeishiwa maji. Awadhi peke yake hakucheka. Alikuja kunisalimia na kuniletea chapati mbili. Zawadi nyingine ya woga hiyo.

Awadhi keshatundika mashati yake kwenye fremu. Nimekaa kwenye stuli yangu mlangoni mwa duka lake nikitazama ndani, na taratibu jambo likanijia. Dukani kwa Awadhi tangu nikae wameingia watu wachache, wakashikashika mashati wakatoka. Mlangoni kwangu, ule wenye kibao changu, ameingia kila mtu. Wapangaji, wageni wao, mafundi, wateja wa Severa, Mzee Fikirini mara mbili. Hakuna aliyeshawishiwa. Hakuna aliyeomba apunguziwe. Wengine walikuwa wanakimbia!

Nimepigania mlango wa mbele wiki nzima kumbe biashara ilikuwa nyuma. Choo cha kulipia. Kariakoo nzima watu wanazunguka mchana kutwa hawana pa kwenda, mimi mwenyewe Alhamisi nilikwenda msikitini. Nahitaji tu mnyororo, kufuli na ratiba. Ufunguo kwangu.

Nimekwenda moja kwa moja uani kumweleza Bi Sabaha. Nimetembea haraka, kichwani nahesabu wapita njia wa Msimbazi, nikasimama mbele ya mkeka wake na kuanza na hoja ya kwanza. Kabla sijamaliza akaitikia marahaba, mwanangu, marahaba.

Maskini. Masikio yamekwisha kabisa. Choo kikianza kuingiza, nitampeleka hospitali.