Naomba Mtazame Mlango

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Makamu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti na Maturubai, ambayo imefanya kazi iliyotukuka isipokuwa kwenye kiti changu, ambacho kinayumba. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wa wakuu wa vitengo na wale wanaowakaimia makaimu. Akina mama, akina baba, shangazi na wajomba. Vijana wetu wa kujitolea, ambao leo ndiyo siku yenu. Na wewe fundi seremala, ambaye sijui kwa nini umesimama karibu na mlango namna hiyo, naomba usogee kidogo: itifaki imezingatiwa. (Makofi, baada ya katibu wa Mheshimiwa kuinua mkono.)

Kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba yangu, ambayo ni fupi, kurasa ishirini tu, naomba wote mtazame mlango. Utazameni vizuri. Ni mlango wa mbao ngumu, una fremu yake, una kitasa chake, na umefungwa utepe mwekundu ambao nitaukata kwa mkono wangu huu mtakaponiruhusu. Huo, ndugu zangu, ndio mlango wa Bweni la Kisasa la Vijana wa Kujitolea, mradi ambao nimeuota, nimeubuni, nimeusimamia na kuufuatilia usiku na mchana, na turubai la bluu mnaloliona kulia na kushoto kwa mlango limewekwa kwa sababu za kiusalama na za kiufundi, hivyo mtu yeyote asichungulie nyuma yake. (Sauti: “Kuta ziko wapi?”) Maswali ya kuta yatajibiwa na wataalamu wa kuta. (Makofi. Katibu ameinua mkono mapema.)

Sasa, vijana wenyewe ndio hawa sita waliokaa chini pale mbele. Wametoka makwao, wakawaacha mama zao na vitanda vyao, wakaja hapa ambako hawakuwa na hata binamu wa kumpigia hodi. Asubuhi wanasaidia kwenye zahanati yetu, jioni wanawafundisha watoto wetu kusoma, na hakuna aliyewalazimisha. Nawapongeza pia kwa ubunifu wao wa kuleta magodoro, ndoo na masufuria na kuyapanga hapa mbele ya jukwaa kama maonyesho. Ni maonyesho mazuri sana. (Kijana mrefu anayeitwa Mlingoti anasimama: “Siyo maonyesho, mzee. Tumehama. Chumba tumekiacha asubuhi.”) Mmehama! Mnasikia jinsi vijana wetu walivyo na imani na serikali yao? Kaa chini, mwanangu, utaanguka kutoka huko juu. (Vicheko.)

Ndugu zangu, katika kipindi cha mpito, wakati mchakato wa bweni ulipokuwa kwenye upembuzi yakinifu, kisha kwenye upembuzi wa ule upembuzi, vijana hawa walihifadhiwa kwa muda na mdau wetu mmoja, au kama tunavyosema kwa Kiswahili sanifu, stekiholda, mshonaji wa hapa mtaani mnayemwita Mama Cherehani. Aliwapa chumba chake cha uani, wakakigawa katikati kwa khanga, wasichana huku, wavulana kule, na Mlingoti akalala miguu ikiwa nje ya mlango. Ofisi yangu ilifanya tathmini ya kina ya maisha yao ya pamoja, na naomba niwasomee matokeo, kwa sababu nimeyasoma mwenyewe na yamenigusa.

Tathmini inaonyesha kwamba siku yao ya kwanza waliinjika sufuria la maharage. Hakuna aliyetumwa kutia chumvi. Lakini hawa ni watu wa kujitolea. Kila aliyepita jikoni aliona si vizuri kusubiri kutumwa, akajitolea, akatia, akaendelea na safari yake kimyakimya bila kutaka sifa. Sita walipita, sita walitia. Chakula kile kilimshinda hata mbwa wa jirani, lakini kwa kigezo cha ushiriki wa vijana tulivuka lengo kwa asilimia mia tano. (Vicheko. Mheshimiwa anadhani ni makofi, anainamisha kichwa.)

Tathmini inaendelea. Kuna siku Mama Cherehani alikwenda sokoni, akaacha mezani vitambaa vya sare za shule amevipima na kuvichora kwa chaki, tayari kwa mkasi. Vijana walirudi kutoka zahanati, wakaviona vitambaa vimechafuka kwa mistari nyeupe, roho zikawauma. Wakavifua. Wakavianika, wakavipiga pasi, wakavikunja, wakakaa kwenye mkeka wakimsubiri mama arudi awapongeze. Mama, hebu simama, ulifanya nini uliporudi? (Mama Cherehani: “Nilicheka mpaka nikakaa chini. Walivyoniangalia, ningewagombezaje? Nikachukua chaki, nikaanza upya.”) Ahsante. Huo ni mfano bora wa mrejesho, na nimeuweka kwenye ripoti kama mafanikio ya idara ya usafi.

Na yuko huyu binti ambaye wenzake wanamwita Kitunguu. Jina hilo alilipata kwa sababu kila zamu yake ya kupika ikifika analia, na akiulizwa anasema ni kitunguu, hata siku anapochemsha maji ya chai. Wataalamu wangu walipendekeza jiko lenye madirisha makubwa. Mama Cherehani, kwa kuwa hakuhudhuria semina yetu, yeye alivuta kigoda, akakaa naye jikoni, akamuuliza habari za mama yake. Tangu hapo, ripoti inasema, kitunguu kimepungua makali. (Baadhi ya akina mama wanamtazama Kitunguu, naye anatazama ndoo yake.)

Mimi nawaelewa vijana hawa. Mimi mwenyewe nilikuwa kijana, jambo ambalo wengi hamlijui, na nilijitolea: nilijitolea kuwa mwenyekiti pale ambapo wenzangu wote walikataa, isipokuwa wale wawili walioshindwa kwenye uchaguzi. Ndiyo maana bweni hili litakuwa na vyumba kumi na viwili, umeme wa jua, maji ya moto na ya baridi na ya uvuguvugu kwa wasioweza kuamua, ukumbi wa kompyuta, na upepo wa asili kutoka pande zote nne, ambao kwa kweli, naomba mnielewe, tayari upo kwa asilimia mia moja. (Makofi. Mama Cherehani hapigi, amenyoosha mkono.)

Ndiyo, mama. (Mama Cherehani: “Samahani nikukatize, Mheshimiwa. Binti yangu anakuja jioni hii na mtoto mchanga. Chumba cha ziada nilichonacho ndicho hichohicho cha uani. Hawa wanangu magodoro yao nimeyafunga kamba kwa mikono yangu, na sikulala vizuri. Niambie tu, wataingia humo leo?”) Swali zuri sana, mama, na nimelipokea. Neno “leo” ni pana, lina tafsiri ya kikalenda na tafsiri ya kimkakati, na kwa muktadha wa utekelezaji tunaangalia zaidi ile ya pili. (Sauti kadhaa: “Kata utepe! Kata utepe!”) Nakata, jamani, nakata! Mkasi uko wapi? Kamati Ndogo ya Mkasi iko wapi? (Mama Cherehani anatoa mkasi wake kwenye mkoba.) Ahsante, mama. Unakata vizuri huu. (Utepe unakatwa. Mlingoti anabeba godoro kichwani, anafika mlangoni, na kwa kuwa amelelewa vizuri, anabisha: “Hodi!” Hakuna anayejibu. Anafungua.)

(Ndani ya fremu kunaonekana uwanja, nyasi, kamba ya nguo za watu na kuku anayetembea. Mlingoti anachungulia kushoto, anachungulia kulia, kisha anafunga mlango taratibu kama mtu aliyekosea chumba.)

Ndugu zangu, tulieni. Tulieni! Hiki mlichokiona hakijaharibika, ndivyo kilivyo. Wataalamu walituambia nyumba yoyote inaingiwa kupitia mlangoni, nasi tukaona ni busara kuanzia hapo. Hii ndiyo Awamu ya Mlango, na imekamilika kabla ya wakati! Awamu ya Kuta itafuata, na Awamu ya Paa, Mungu akijalia, itafuata kuta. (Kitunguu amekaa juu ya godoro lake na analia. Hapajapikwa kitu.) Binti, usilie. Tafadhali, usilie. Kwenye hotuba yangu sikuandikiwa mahali pa kulia.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi seremala kwa kutuazima mlango huu, ambao mteja wake anausubiri saa kumi, kwa hiyo sasa naelewa kwa nini alikuwa amesimama pale. Fundi, ubebe tu. Naishukuru zahanati kwa turubai. Na namshukuru Mama Cherehani, ambaye chumba chake, naomba radhi mama, kwenye ripoti nilishakiandika kwamba ndicho bweni. (Miguno.) Sasa tuamke, tumalize kwa kaulimbiu yetu, wote kwa sauti moja! Kijana wa kujitolea analala wapi? (Umati, bila katibu kuinua mkono: “Kwa Mama Cherehani!”) Mlitakiwa kusema “Bwenini!” Rudieni. Analala wapi? (“Kwa Mama Cherehani!”)

(Mama Cherehani anasimama, anajifunga khanga kiunoni: “Haya, wanangu, nyumbani. Mjukuu atalala kwangu kitandani na mama yake, mimi nitalala chini, tutabanana, tumeshazoea. Kitunguu, futa machozi, mtoto mchanga anataka shangazi wa kumbeba. Na wewe Mheshimiwa, kama chumba changu ni bweni lako, hili godoro la mwisho halina mbebaji. Jitolee.”)

Mimi? Mama, itifaki... (Umati unapiga vigelegele. Godoro linawekwa mikononi mwa Mheshimiwa.) Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Katibu, shika kurasa hizi, kumi na nne zilizobaki nitazisoma siku nyingine. Mlingoti, mwanangu, nisubiri. Samahani, hili hushikwa upande gani?

(Makofi marefu. Katibu hakuinua mkono. Ameshika ndoo mbili.)