Harusi Iliyopangwa Kuvunjika

Wazo lilimjia Sylvanus siku ya Alhamisi jioni, soda ya bure mkononi na karanga za bure mdomoni, katika kikao cha harusi ya watu asiowajua. Alikuwa anapita tu Mengo, Kampala, kwa miguu. Akaona viti vimepangwa duara kwenye bustani ya baa, na kreti mbili za soda chini ya meza, akaingia na kukaa kama mwanakamati aliyechelewa. Mtu mwenye tai haulizwi maswali, na Sylvanus alivaa tai kila siku, hasa tangu apoteze kazi.

Mwenyekiti alitaja majina, na kila aliyetajwa aliinuka akaahidi pesa ambazo uso wake ulionyesha hana. Mmoja alitoa laki mbili kwa sababu tu jirani yake alikuwa ametoa laki na nusu. Kabla ya nusu saa kwisha, milioni mbili na ushei zilikuwa mezani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama wale wawili wanapendana. Sylvanus mwenyewe aliahidi elfu hamsini, kwa jina la Travis, akatoweka wakati wa sala ya kufunga.

Njia nzima hadi Nateete alikuwa akipiga hesabu. Mfukoni alikuwa na barua ya benki, na barua ya benki humfanya mtu awe hodari wa hesabu kuliko alivyokuwa shuleni.

Mambo yalikuwa hivi. Alipokuwa mkuu wa mauzo katika duka la vigae pale Nakasero, benki ilimfuata hadi mezani kwake ikimbembeleza achukue kadi ya mkopo. Kwa kuwa alikuwa Mkenya, mtu anayeweza kuamkia Busia, ng'ambo ya mpaka, siku yoyote, walitaka mdhamini. Dada yake Nasike, muuza samaki wa soko la Nateete, akaiweka dhamana friza yake kubwa. Alisaini kwa vidole vyenye harufu ya samaki wake wa ngege, akijivunia kuwa na ndugu mwenye kadi. Kisha duka la vigae likafungwa. Vigae vikaenda, wafanyakazi wakaenda, kadi ikabaki.

Miezi mitano Sylvanus alikula kadi, akavaa kadi, akapanda boda boda za kadi. Kila asubuhi alikunywa chai kwa dada yake, akafunga tai, akaaga kwamba anaenda kazini, kisha akashinda kwenye makochi ya mahoteli ya Nakasero akisoma magazeti ya bure. Sasa deni lilifika milioni sita na laki nne. Lisipolipwa kabla ya tarehe thelathini, benki ingekuja kubeba friza. Na friza ile ndiyo iliyowasomesha watoto watatu wa Nasike na, tusifichane, ndiyo iliyomlisha Sylvanus. Angeweza kumwambia dada yake ukweli. Lakini aliona ni rahisi zaidi kuitapeli nusu ya Kampala.

Mpango wake ulikuwa na uzuri wake. Harusi ikifanyika hula pesa yote: mahema, pilau, keki ya ghorofa tano. Harusi ikivunjika, pesa hubaki na watu huona haya. Nani atamwendea mwanamume aliyeachwa mchana kweupe, macho mekundu, amwambie nirudishie elfu themanini yangu?

Bibi harusi alimpata Mengo. Whitney alikuwa msusi, mtoto wa Wakenya aliyezaliwa Nateete, mwenye kipaji cha kulia saa yoyote akitaka. Sylvanus aliwahi kumshuhudia akimlilia mwenye nyumba hadi yule mzee akamwongezea miezi miwili na kumnunulia soda.

"Kwa hiyo nakubali kuolewa, halafu nakataa," Whitney alisema, akichambua nywele za bandia.

"Mbele ya watu. Kikao cha nne. Nikitoa hanchifu nikapangusa uso, unaanza."

"Na nakataa kwa sababu gani?"

"Chagua mwenyewe."

"Laki nne. Nusu nipe leo. Na nitachagua sababu mbaya, bambi, kaka yangu, ujue mapema."

"Mbaya kiasi gani?"

"Ya laki nne."

Sylvanus alicheka, akampa laki mbili alizozitoa kwa kadi. Na kwa vile mtu akishapata msikilizaji mzuri hufunguka, akamsimulia habari zake zote, vigae, tai, magazeti na makochi. Hilo halikuwa na ulazima wowote.

Kwenye uenyekiti akamweka Mzee Ogutu, mwenye duka la misumari na mabati Nateete. Mzee Ogutu alikuwa ameongoza kamati thelathini na moja za harusi, idadi kubwa kuliko ya ndoa zilizobaki, na aliheshimu ajenda kama watu wengine wanavyoheshimu dini. Kikao cha kwanza kilileta milioni moja. Nasike alikaa mbele na gauni jipya, akalia tangu sala ya kufungua hadi sala ya kufunga. Sylvanus alijitahidi kutotazama upande ule.

Katika kikao cha pili ndipo alipoingia Kaltumi. Alikuwa Mnubi wa Bombo, mjukuu wa askari wa Waingereza, na mwendo wa paredi alikuwa ameurithi. Kichwani hijabu safi, shingoni kitambulisho cha benki, kwapani faili. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wadaiwa wa kadi, na leo alikuwa amempata mmoja, amezungukwa na watu sitini na kreti nane za soda.

Ila kwa Mzee Ogutu hakuna mgeni aliyekaa bila kujitambulisha.

"Mgeni wetu atuambie jina, anakotoka, na uhusiano wake na bwana harusi."

"Naitwa Kaltumi," akasema, macho kwa Sylvanus. "Natoka benki. Uhusiano wetu ni wa muda mrefu. Mimi namtafuta huyu bwana kuliko yeye anavyonitafuta."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Soda ilimpanda Sylvanus puani.

"Benki," Mzee Ogutu alirudia taratibu, kwa sauti ya mtu aliyejibiwa sala. "Ndugu wanakamati, mnajua mweka hazina wetu amepata safari ya Dubai. Tunahitaji mtu wa kushika pesa, aliyesomea pesa, asiye shemeji ya mtu hapa. Napendekeza dada Kaltumi."

"Naunga mkono," akasema Nasike kabla mzee hajafunga mdomo, na kabla Kaltumi hajafungua wake makofi yalikuwa yameshapigwa na kikapu kiko mapajani mwake. Alikuja kudai pesa kwa mtu mmoja. Akakabidhiwa pesa za watu sitini kwa risala.

Baada ya kikao yeye na Sylvanus walikutana nyuma ya tangi la maji.

"Kaka, mimi nilileta barua ya friza," alisema Kaltumi. "Hii pesa ya watu naipeleka wapi?"

"Dada yangu, fikiri kidogo. Ukinikamata leo unapata friza yenye harufu. Ukingoja kikao cha nne unapata deni lote, taslimu, kwa mkono wako."

"Na harusi?"

"Harusi ina mambo yake."

Kaltumi alifikiri kwa muda wa kumenya karanga mbili. Mwezi ule bosi wake alikuwa amemtishia mara tatu.

"Kale, sawa. Mimi harusi sijui. Mimi najua namba ya akaunti. Pesa ikifika kwangu, natuma kwa simu hapo hapo, inaingia kwa kadi. Hairudi hata ulie."

"Sitalia mimi. Kuna mtu wa kazi hiyo."

Basi ikawa hivyo. Kamati ikaahidi, Kaltumi akapokea, deni likapungua, na wanakamati wakasifu jinsi mweka hazina alivyo mwepesi wa kutuma pesa mahali salama. Hadi kikao cha nne, tarehe ishirini na tisa, zilikuwa zimebaki milioni moja na laki nane tu. Lakini watu walikuwa wamekamuka. Kikapu kilizunguka kikarudi na elfu sitini na kifungo cha shati. Sylvanus akaanza kuona friza ikipakiwa kwenye pikapu ya benki.

"Sasa tumsikilize dada wa bwana harusi," alisema Mzee Ogutu.

Nasike alisimama, akafungua fundo la leso.

"Mimi si mtu wa maneno. Sylvanus hana baba, hana mama, ana mimi. Leo mchana nimeuza friza yangu kwa Ambroise, yule Mkongomani wa vyombo vya mitumba. Milioni moja na laki nane, hizi hapa. Samaki nitauza wa siku hiyo hiyo, watakaobaki tutakula. Kijana aoe."

Vigelegele vikapasua bustani. Kaltumi alihesabu noti, akamtazama Sylvanus mara moja, akabonyeza simu. Benki ilikuwa imelipwa. Friza ilikuwa imejikomboa yenyewe, na kwa kujikomboa ilikuwa imekwenda.

Sylvanus aliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu apate kadi alikuwa na jambo la kweli la kusema, nalo lilikuwa: dada, chukua pesa yako, mimi ni mwongo. Jasho likamtoka kwapani, kifuani, usoni. Akafanya kile ambacho mwanamume yeyote mwenye tai angefanya: akatoa hanchifu akajipangusa.

Whitney akaanguka magotini akalia.

"Siwezi kuolewa na huyu mtu," alisema, na machozi yalikuwa ya daraja la kwanza. "Huyu hana kazi. Miezi mitano anafunga tai anaenda kukaa hotelini Nakasero, anasoma magazeti ya bure. Mimi nitakula magazeti?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya laki nne. Watu sitini wakamgeukia Sylvanus, naye alitazama hanchifu yake. Whitney alitoka akisindikizwa na akina mama watatu waliomchangia nauli na kidogo cha kujifariji.

Mzee Ogutu aligonga meza.

"Ndugu zangu, tumeona. Kijana ameachwa, na kazi hana. Lakini kamati yangu haijawahi kuvunjwa na mwanamke. Inaahirishwa. Pesa ibaki benki kwa dada Kaltumi hadi bwana harusi apate kazi, halafu apate mwingine. Tufunge kwa sala."

Asubuhi Sylvanus alikwenda sokoni na barua mpya ya Kaltumi mfukoni: deni limekwisha, friza ya Bi Nasike haidaiwi tena. Mahali ilipokuwa friza palikuwa na mraba msafi wa sakafu, na Nasike amekaa pembeni akipepea inzi kwenye beseni la ngege. Sylvanus akamsimulia yote, toka kreti za Mengo hadi hanchifu. Hakuacha kitu.

"Hiyo ya harusi sikuijua," Nasike alisema. "Ya kazi nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ule ule ulipofukuzwa. Viatu vya mtu wa kazi vinachakaa. Vyako viling'aa tu."

"Sasa mbona uliuza friza?"

"Si kwa sababu nilijua? Mtu hana kazi, harusi angeitoa wapi?"

Sylvanus alilia pale pale mbele ya wauza nyanya. Safari hii hakuwa na mpango wowote kichwani.

Alipomaliza kulia akaenda kwa Ambroise. Friza ilikuwa imepanguswa na kuwekwa mbele ya duka, inang'aa.

"Milioni mbili na laki sita," alisema Ambroise.

"Jana ulinunua moja na laki nane."

"Jana ilikuwa ya mama wa samaki. Leo njo ya Ambroise."

"Unapokea kadi?"

"Kaka, hapa eko Kampala." Na Ambroise akachomoa mashine chini ya kaunta.

Sylvanus aliomba kimoyomoyo ikatae. Lakini benki haina mtoto impendaye kama mdaiwa aliyemaliza kulipa. Mashine ilikubali kabla hajaondoa kidole kwenye namba ya mwisho.

Friza ilirudi sokoni kwa mkokoteni. Nasike aliichomeka kwenye umeme, akasikiliza inavyonguruma, kisha akanyoosha mkono. Sylvanus akampa kadi. Dada yake akaiweka chini kabisa, akapanga juu yake sangara wanane, akafunga kufuli, akatia ufunguo kifuani.

"Nitakulipa elfu kumi kwa siku, zote zinaenda benki," alisema, akimtupia aproni na kisu cha magamba. "Piga hesabu mwenyewe, unazijua. Na uvue hiyo tai."

Siku mia mbili na sitini, na riba juu. Alfajiri alikwenda ufukweni Gaba kununua samaki, mchana alipara magamba, na ndani ya wiki mbili viatu vyake vilifanana na vya watu wote wa soko.

Alhamisi moja akaja Mzee Ogutu, daftari kwapani. Alimtazama Sylvanus na kile kisu kwa furaha isiyofichika.

"Bwana harusi, hongera. Kazi umepata. Hilo la kwanza kwenye ajenda limekwisha. Wanakamati wanauliza kuhusu la pili, kwa sababu pesa yao iko benki na wamesubiri sana."

Sylvanus aliendelea kupara magamba.

"Kikao kiitishwe wiki ijayo, mzee," Nasike alijibu toka nyuma ya friza. "Safari hii mke nitamtafuta mimi, na ataolewa kweli. Pesa za harusi huyu atazitoa kwa magamba."

Mzee Ogutu akaandika hayo daftarini, akachagua ngege mmoja mkubwa. Sylvanus akamuuliza kama kichwa kikatwe au kibaki.